Ziwa la Magadi, Mgeni na Njia ya Ng'ombe: Utalii katika Maziwa ya Hanang



Mada niliyopewa ni utalii wa maziwa katika nchi kame. Naanza na heroe, maana ndio wanaowavuta wageni wengi, na ndio wasiotabirika. Heroe hana ziwa la kudumu. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa Ziwa Natron, kisha huruka usiku kutoka ziwa hadi ziwa kufuata mwani wa magadi: Manyara, Burunge, na mara nyingine Balangida, chini ya Mlima Hanang wetu. Mvua ikizidi, magadi huzimuliwa na mwani hupungua. Kiangazi kikiwa kikali, Balangida hubaki uwanda mweupe. Basi mwongozaji asimwahidi mgeni heroe. Amwahidi Basotu, ziwa la kasoko lenye maji baridi, samaki na viboko, halafu Balangida amwoneshe kilichopo siku hiyo. Na kundi likiwepo, watu wasilisogelee ili tu liruke lipigwe picha. Ndege anayefukuzwa kwenye malisho hatakaa.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni nani atakayepoteza. Ufuko wa Balangida si mahali patupu. Watu huchota chumvi pale, na mifugo hupelekwa kulamba. Hanang tunajua ardhi ya mfugaji ikihesabiwa tupu hutokea nini. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarabaig, na makaburi ya wazee yakalimwa kwa trekta. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilikwenda mahakamani. Malisho mengi hayakurudi.

Hata utalii wenyewe una historia hiyo. Pale Burunge, wilayani Babati, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iliundwa kwa kuunganisha vijiji, na mgogoro wa ardhi wa wafugaji wa kijiji cha Vilima Vitatu ukafika hadi Mahakama ya Rufani. Sisemi utalii ni mbaya. Nasema karatasi ilisainiwa kabla ya watu kukubaliana, na hilo huwa ghali.

Kwa kata yetu ya Getanuwas na kata jirani, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu juu ya ardhi yake ambayo wengi wetu hatuitumii. Naomba kila kijiji, kabla ya kumpa mwekezaji yeyote hata eneo la kambi, kikae na kuandika kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi njia za ng'ombe kwenda kwenye chumvi, visima vya kiangazi na makaburi yasiyoguswa. Wazee wa Kibarabaig na wa Kiiraqw wawe mezani siku hiyo, na akina mama wanaochota maji wasiachwe nje.