Mediateri wa chuo: tunamutaka wa namna gani?

Vijana wenzetu wa Kasongo, na ninyi mulioshuka na moto toka Kabambare, wengi kati yetu tuko na diploma ndani ya begi na kazi hatuna. Lakini wadogo zetu wangali wanasoma, na leo tunasema juu yao.

Mwanafunzi akiona pointi zake zimepotea, anaenda wapi? Kwa apariteri. Na apariteri ni mtu wa nani? Wa komite ya usimamizi. Akiandika rekuru, inasomwa na wale wale waliokaa kwenye deliberasyo. Asistenti ambaye Serikali bado haijaanza kumulipa, akigombana na profesa wake juu ya masaa ya kufundisha, yeye hata apariteri hana. Kesi ya ngedere inapelekwa kwa nyani.

Ndiyo maana tunaomba mediateri. Jambo hili si geni. Waswidi walimuweka ombudsman wao toka mwaka 1809. Kule Kanada, chuo kikuu cha Simon Fraser kilimupata mwaka 1965, na ni wanafunzi wenyewe walioanzisha ile ofisi. Jirani zetu Watanzania walianza mwaka 1966 na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, lakini ripoti yake ilienda kwa Rais, yeye ndiye aliyeamua. Hapo tufungue macho: kama ripoti ya mediateri wetu itaishia mezani kwa rekta, tutakuwa tumeongeza apariteri mwingine tu.

Kazi yake basi ni nini? Anasikiliza mwanafunzi, asistenti, hata profesa. Anafunga mdomo. Anaingia ofisi yoyote kuuliza. Hapandishi pointi, hahukumu, hafukuzi mtu. Kila mwaka anatoa ripoti bila majina ya walioumia, ibandikwe ukutani watu wote waisome. Asiwe memba wa komite, asiwe mwalimu wa fakulte ile, na asiondolewe sababu ripoti imeuma.

Na tuseme wazi, maana hapa ndipo watu wanapenda kuficha: mwalimu akimuomba binti mwili wake kwa ajili ya pointi, hiyo si kesi ya kupatanisha. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu usumbufu wa kingono. Mediateri amusindikize yule dada mpaka parke kama mwenyewe anataka, asimuketishe na yule bwana chini ya muembe wapeane mbuzi. Tukikubali mbuzi, heri tusiwe na mediateri kabisa.

Kuna watakaosema, waende Kindu, ama waandikie wizara Kinshasa. Na njia yetu hii? Wakati wa mvua? Mzazi wa Kabambare ameuza mchele na mawese kwa kulipa minervali. Barua ikichelewa, sesyo inapita na mwaka umekufa.

Katiba, kifungu cha 27, inatupa haki ya kuandikia mamlaka ya Serikali petisyo, mtu mmoja ama wengi pamoja, na inapaswa kujibu ndani ya miezi tatu. Karatasi iko hapa mbele. Wanafunzi na maasistenti watie sahihi kwanza, kisha wazazi, kisha sisi tuliomaliza. Tutaipeleka tukiwa wengi, tuombe kopi yenye kachapa na tarehe, na siku hiyo tutaanza kuhesabu.