Safari ya Siku Moja Kutazama Maua ya Mibuni

Wako watu waendao Singida na Dodoma kutazama mashamba ya alizeti yanapokuwa manjano tupu. Leo twataka kuwachukueni upande mwingine wa Tanzania, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Huko tulikwenda kutazama maua meupe, nayo ni maua ya mibuni, yaani miti ya kahawa.

Maua haya hayamngoji mgeni. Wakati wa kiangazi macho ya maua hulala katika matawi kama kwamba yamekufa. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, macho hayo huvimba. Na baada ya juma moja hivi hufunuka yote pamoja, mlima mzima kwa siku moja. Siku ya pili au ya tatu hunyauka na kuanguka. Ndiyo maana tulimwomba mwalimu mmoja rafiki yetu, akaaye karibu na Nkwenda, atupashe habari. Akatupigia simu akasema, “Njooni kesho. Mkichelewa mtakuta makapi.”

Tukaondoka Kayanga saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, na juu yake vilele vya milima vilionekana kama visiwa. Milima ya Karagwe ni mirefu na migongo yake ina majani matupu. Migomba na nyumba za watu zimeshika mitelemko. Tukapita Omurushaka, mahali ambapo barabara itokayo Bukoba kwa njia ya Kyaka hukutana na ile iendayo Murongo. Tukaishika hii ya pili, hata tukaingia Kyerwa. Zamani nchi hii yote ilikuwa wilaya moja ya Karagwe. Kyerwa ilitengwa mwaka 2012.

Kabla ya kuona ua hata moja, tulisikia harufu, nayo yafanana na harufu ya yasmini. Mwalimu alikuwa akitungoja njiani, akatuongoza kwa miguu kati ya mashamba. Mgeni aliyezoea mashamba ya safu hushangaa hapa, kwa maana kila kitu kiko pamoja: migomba juu ikitia kivuli, mibuni chini yake, na maharage chini kabisa. Siku ile kila tawi la mbuni lilikuwa limevaa vishada vyeupe toka shina hata ncha, na nyuki walivuma kila upande.

Mwalimu akatueleza kazi ya nyuki hao. Kahawa iliyo nyingi hapa ni robusta, na mbuni wa robusta hauwezi kujipa mbegu kwa unga wa maua yake wenyewe. Lazima unga utoke mti mwingine, nao huletwa na upepo na nyuki. Mvua kubwa ikipiga siku ya kufunuka kwa maua, unga huoshwa, na mavuno hupungua. Mambo yakienda vema, tunda hukaa mtini muda wa miezi kumi hivi kabla ya kuiva. Basi ua la siku mbili ndilo mwanzo wa kazi ya karibu mwaka mzima.

Kahawa si mgeni katika nchi hizi za ziwa. Kabla Waingereza Speke na Grant hawajafika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, watu walikuwa wakichemsha buni pamoja na majani ya kunukia, wakazikausha, wakazitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na watu waliotaka kuwa ndugu wa damu walikula buni pamoja.

Tukafika katika shamba la mama mmoja mzee, ambalo maua yake yalipita yote tuliyoyaona. Tukamwamkia, tukamsifia mibuni yake. Akatabasamu kidogo, akasema, “Ahsanteni, wanangu. Lakini maua haya mnayoyasifu yana mwenyewe. Mimi nayalinda tu.”

Hatukufahamu. Mwalimu alifahamu, akainamisha kichwa. Mama akatueleza kwamba mjukuu wake aliugua wakati wa kiangazi, na fedha ya hospitali haikuwamo nyumbani. Akaenda kwa mtu mwenye fedha, akapewa, na rehani yake ikawa kahawa ambayo ilikuwa haijachanua bado. Tukamwuliza habari za mtoto. Akasema, “Amepona. Yuko shuleni.” Nasi tukaona si haki kumlaumu.

Desturi hiyo katika Kagera huitwa butura, yaani kuuza kahawa ingali ua au tunda bichi mtini. Serikali imeikataza mara nyingi, walakini haikomi, kwa sababu shida ya mtu haingoji msimu. Tufanye hesabu ya mfano, tuone hasara yake. Tuseme mtu amepewa shilingi 100,000 wakati wa maua, kwa ahadi ya gunia moja la kahawa ya maganda. Tuseme gunia lina kilo 50, na wakati wa mavuno kilo moja yauzwa shilingi 4,000. Gunia lile ni shilingi 200,000. Amekopa laki moja, amelipa laki mbili, na kupalilia, kuchuma na kuanika ni juu yake. Tena bei ikipanda, kama ile ya robusta ilivyopanda sana duniani mwaka 2024, faida yote ni ya mkopeshaji, kwa maana deni lilihesabiwa kwa magunia wala si kwa shilingi.

Je, yafaa kufanya nini? Tulikaa chini ya mgomba tukazungumza na mama na jirani zake, na shauri lao twawaleteeni. Kwanza, wakati wa mavuno kila nyumba iweke akiba kidogo katika kikundi cha kuweka na kukopa, kwa ajili ya ugonjwa na sare za shule. Pili, ikiwa huna budi kukopa, ukope shilingi na ulipe shilingi. Deni liandikwe, tarehe iwekwe, na shahidi awepo. Tatu, kahawa ikikauka ipelekwe katika chama cha msingi cha ushirika, ikauzwe mnadani pamoja na ya wenzako, kwa mizani inayoonekana na watu wote. Nne, mkulima asitegemee kahawa peke yake. Maharage na ndizi huleta fedha katika miezi ambayo mbuni hauna kitu.

Jirani mmoja akaongeza neno. Alisema, “Watu huona haya kueleza shida yao kwa majirani, wakamwendea tajiri usiku. Haya hiyo ndiyo inayotumaliza.” Mama akaitikia kwa kichwa.

Alasiri tukaendelea kwa njia ya Kaisho hata Murongo, ambapo Mto Kagera hupita, na ng’ambo yake ni Uganda. Tukatazama maji kitambo, kisha tukageuka. Tulipopita tena karibu na lile shamba jua lilikuwa likitua, na maua yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

Mama alikuwa angali shambani na jembe lake, akiipalilia mibuni ile. Tukampungia mikono. Naye akatuambia kwa sauti, “Mwakani njooni tena, inshallah mtayakuta yangu!”

Nanyi wasikilizaji mlio na mibuni, mtakapoyaona maua ya mvua za vuli, yatazameni vema na kuyahesabu kuwa ni yenu. Kwaherini.