Makaratasi Mawili ya Bariadi

Ya mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliposhindana na Bwana Zuberi Mtemvu katika kura za urais, mnayajua, nami nitayapita.

Limezuka neno, nalo limekwisha kupata makao hata katika maandiko ya wenzetu, ya kwamba historia ya kura za urais katika mji huu wa Bariadi haina siri, kwa kuwa Msukuma humpigia Msukuma mwenziwe. Na ushahidi uletwao ni mmoja tu, Bwana John Momose Cheyo wa chama cha UDP, aliyeitwa Bwana Mapesa. Haya, tuhesabu. Mwaka 1995 alipata kura 258,734 katika nchi nzima, yaani asilimia 3.97, mwaka 2000 akapata 342,891, asilimia 4.20. Je, kabila lililo kubwa kuliko yote katika Tanzania, lau lingalipiga kura kwa damu, lingalimwachia mwanawe asilimia nne? Fauka ya hayo, mwaka 2005 UDP haikusimamisha mgombea wa urais, ilhali Bariadi Mashariki ilimpa Bwana Cheyo ubunge, na jirani zao wa Bariadi Magharibi wakampa Bwana Andrew Chenge wa CCM. Wote wawili ni wana wa Usukuma, nao waliketi Bungeni pamoja hadi 2015. Basi kabila, ambalo lilikuwa pande zote mbili za mpaka wa jimbo, lilimchagua nani? Mwenye kudai kwamba damu ndiyo sababu ya yote hana budi kueleza kwa nini damu ileile ilisema maneno mawili siku moja.

Nakiri kwamba lugha ya mama humfungulia mgombea mlango. Lakini kufunguliwa mlango si kupewa nyumba.

Kitabu nikipendacho katika ilimu hii ni kile alichokihariri Lionel Cliffe juu ya uchaguzi wa 1965, kilichochapwa Nairobi mwaka 1967, na ambacho nakala yangu imekwisha kuachana na jalada lake. Waandishi wake waliwaandama wagombea wa TANU, mwenye alama ya jembe na mwenye alama ya nyumba, waliosimama katika mkutano mmoja mbele ya watu walewale, wakaandika bila haraka yaliyoulizwa na yaliyojibiwa, wala hawakudhani kwamba mkulima hana hoja mpaka msomi amfasirie. Humo twaona makaratasi mawili: katika la urais Mwalimu aliambiwa ndiyo kwa zaidi ya asilimia 96, na katika la ubunge waheshimiwa wengi wakaangushwa, hata Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeinuliwa na ushirika wa pamba wa Usukuma huuhuu.

Nami nashikilia kwamba ufunguo wa kura za Bariadi ni pamba. Huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka, na uchaguzi kwa kawaida huja Oktoba, mizani ingali moyoni. Msimu wa 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia, ukiritimba wa ushirika ukakoma, na mwaka uliofuata akatokea mtu anenaye mapesa waziwazi. Mjomba wangu, mkulima wa Itilima, alipoulizwa mwaka ule atampa nani, alilalamika kwanza juu ya mizani, kisha juu ya karani, kisha akaondoka kwenda kufunga ng'ombe. Mwenzangu mmoja aliliita jibu lile kukwepa swali. Mimi naliona ni jibu kamili.

Sasa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kimefungua tawi hapa Simiyu, na punde tutasikia kwamba wanafunzi ndio waliogeuza kura za Bariadi. Lakini mwaka 2010 vyuo vilichelewa kufunguliwa hata uchaguzi wa Oktoba ukapita, na wengi waliojiandikisha vyuoni hawakupiga kura. Kwa hiyo, kabla ya kumsifu au kumlaumu mwanafunzi, tuulize kwanza alijiandikishia wapi na chuo kilikuwa wazi au kimefungwa. Na wanafunzi wa fedha, ambao hesabu ndiyo kazi yao, nawaomba waende katika vyama vya msingi vya ushirika wanakili bei za pamba za kila msimu wa uchaguzi tangu 1995, waziweke kando ya matokeo ya kila kata, karatasi la urais mbali na la ubunge.