Tairi za Makafi katika Mchanga wa Riyadh na Jeddah

Mwezi Januari mwaka 2020 mashindano ya Dakar, yaliyokuwa yakifanyika Amerika ya Kusini tangu mwaka 2009, yalihamia Saudi Arabia. Washindani waliondoka Jeddah, kando ya Bahari ya Shamu, na kumalizia Qiddiya, karibu na Riyadh. Kwa upande wa pikipiki za magurudumu manne, ambazo Wasaudi huziita dabbab, mshindi alikuwa Ignacio Casale wa Chile. Jambo la kushangaza ni kwamba washindani wale hawakutegemea tairi zinazopendwa na vijana wa Riyadh wanapokwenda kucheza mchangani, yaani tairi za makafi. Sababu yake inafaa kujulikana, kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi katika miji hiyo miwili; wapo wanaokodi vyombo hivi Ijumaa na Jumamosi, na wapo mafundi wanaovitengeneza.

Mwili wa tairi ya kafi ni laini mfano wa tairi kipara. Juu yake zimesimama mbao za mpira, nane, kumi au zaidi, zilizopita kutoka ubavu hadi ubavu. Kila ubao huchota mchanga na kuusukuma nyuma, kama mvuvi anavyosukuma maji kwa kafi la mtumbwi wake. Tairi ya kawaida yenye meno mafupi haichoti; inazunguka mahali pamoja na kujichimbia shimo. Makafi hufungwa nyuma peke yake. Mbele hutakiwa tairi laini yenye mshipi mmoja katikati, unaokata mchanga kama mkuku wa jahazi. Mshipi huo ukikosekana, utapinda usukani na chombo kitaendelea kwenda moja kwa moja.

Idadi na kimo cha makafi hutegemea nguvu za injini. Injini ya sentimita za ujazo 700 huweza kuzungusha makafi mengi na marefu. Ukiyafunga hayo hayo katika injini ya 250, itaishiwa nguvu katikati ya mlima, nawe utalazimika kurudi kinyumenyume, na hapo ndipo chombo humpindukia mtu. Kwa maoni yangu, anayesitasita na achague makafi machache.

Kuhusu rimu, maneno ni machache: ya alumini ni bora kwa wepesi wake, maana kila uzito unaozunguka huila injini. Wanaokwenda mbio huongeza pete ya kubana ukingo wa tairi, isije ikachomoka katika rimu wakati chombo kinateleza kiubavu. Kwa mtu wa matembezi, pete hiyo ni gharama tu.

Lakini wengi hununua tairi nzuri kisha wakaiharibu kwa upepo. Vyombo hivi hutumia upepo mdogo mno, mara nyingi paundi nne hadi sita kwa inchi ya mraba, ili tairi itandae na kuelea juu ya mchanga. Kipimo cha kituo cha mafuta, kilichotengenezwa kwa ajili ya magari na malori, hakiwezi kuaminika katika kiasi kidogo namna hiyo. Tafuta kipimo maalumu. Na joto lihesabiwe. Tairi iliyojazwa paundi tano alfajiri kwenye nyuzi 20 itakuwa na karibu paundi saba itakapofikia nyuzi 50. Paundi mbili katika gari si kitu. Hapa ni karibu nusu ya upepo wote. Basi pima tena mchana.

Nayo ardhi haifanani. Magharibi ya Riyadh, karibu na barabara iendayo Makka, na pia huko Thumamah, mna mchanga mwekundu uliotiwa rangi na kutu ya chuma. Humo kafi liko nyumbani kwake. Jeddah ni pwani: utakutana na vipande vya matumbawe, mawe, na sabkha, yaani uwanda wenye gamba la chumvi juu na tope chini. Kafi hupasua gamba hilo na kuzama, na katika mawe mbao zake hukatika. Juu ya lami hutetemesha chombo na kuisha haraka.

Hiyo ndiyo sababu ya washindani wa Dakar. Njia yao kwa siku moja hupita mchanga, changarawe na mawe, kwa hiyo walitumia tairi za meno mpaka daraja la magurudumu manne lilipoondolewa katika mashindano ya mwaka 2025. Mwenye kafi hukipakia chombo garini hadi ukingoni mwa mchanga.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni kwamba kafi linapandisha vizuri kupita kiasi. Upande wa kilima unaokabili upepo huwa mlalo. Upande wa pili hushuka ghafla kwa karibu nyuzi 34. Anayefika kileleni kwa kasi huruka asikokuona, na pengine yupo mwenzake anayepanda kutoka huko. Wazoefu hupunguza mwendo karibu na kilele, hugeuza chombo kifuate ukingo, hutazama chini, ndipo huteremka. Na nyuma ya kiti husimamisha mlingoti wenye bendera, ili walio ng'ambo ya kilima waione kabla hawajamwona mwenyewe.