Karatasi Iliyofungwa Pindoni



Mwezi uliopita mama yangu mdogo alipanda daladala mbili kwenda kliniki mjini. Alifika saa nane mchana, saa nzima kabla ya wakati, maana si mtu wa kuchelewa. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi yake. Imeandikwa 09:00. Yeye alikuwa amesoma saa tisa, na kwa Kiswahili alikuwa amesoma sawasawa. Alikuta mabenchi matupu, dada mmoja anapiga deki, na daktari amekwishaondoka. Alitakiwa awe pale saa tatu asubuhi.

Juu ya karatasi ile pamechapwa kwa herufi kubwa neno moja la Kiingereza: “schedule”. Nimekaa nalo tangu siku hiyo, na leo naomba tulitazame pamoja.

Chimbuko lake ni Ugiriki, kwenye kitendo cha kupasua: kipande kilichopasuliwa. Warumi wakalichukua kwa kipande cha mafunjo waliyokuwa wakiandikia, na kijikaratasi kidogo wakakiita “schedula”. Likapitia Ufaransa, na lilipoingia Uingereza lilitamkwa “sedyuli”. Baadaye wasomi wakalirudishia herufi zake za kale, na hapo ndipo midomo ilipogawanyika. Waingereza wengi wakashika “shedyuli”, Wamarekani wakamfuata mtunga kamusi wao Noah Webster wakasema “skejuli”. Vijana wetu maofisini hubishana sana juu ya matamshi hayo. Yote mawili ni sahihi, tusipoteze asubuhi.

Linalonigusa ni hili: kwa karne nyingi kijikaratasi hicho hakikuwa na saa. Kilikuwa orodha iliyoambatishwa nyuma ya wosia au hati. Maana ya nyakati ilishika nguvu karne ya 19, na reli, hasa za Marekani, kampuni za treni zilipokuwa zikichapa saa za kuondoka na kufika. Sheria yenyewe haikuhama. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, nenda kurasa za mwisho, utakuta Nyongeza ya Kwanza, yenye mambo 22 ya Muungano. Kwa Kiingereza nyongeza hiyo ni “First Schedule”. India nako, jamii zilizobaguliwa vizazi na vizazi huitwa kisheria “Scheduled Castes”, yaani jamii zilizoorodheshwa. Nimewahi kuhariri tafsiri ya mkataba ambamo mfasiri ameandika “Ratiba ya Kwanza”, halafu chini yake ikafuata orodha ya viwanja. Viwanja haviendi popote, ndugu yangu. Hapo palitaka jedwali, au nyongeza.

Sasa ratiba. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kupanga kitu kikatulia mahali pake. Ndugu yake mmoja yuko misikitini huku mwambao: ratibu, nyiradi zinazosomwa kwa mpangilio wake usiobadilika. Ile ya Imamu Abdallah al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720, inasomwa mpaka leo. Ndugu mwingine tunamkuta ofisini, anaitwa mratibu. Kwa hiyo mtu anaposema ratiba, masikio yetu yanasikia utaratibu kwanza, na saa baadaye.

Ratiba ninayoiheshimu kuliko zote ni ya msibani. Unaijua. Karatasi moja iliyotolewa kopi usiku, wino umefifia upande mmoja, imegawanywa safu tatu: muda, tukio, mhusika. Saa 2:00 asubuhi, chai, kamati ya chakula. Saa 5:00, mwili kuwasili nyumbani, familia. Saa 7:00 mchana, chakula, wote. Saa 9:00, kuelekea makaburini, wote. Tazama hiyo safu ya tatu. Kila saa imepewa mwenyewe. Chai ikichelewa, watu wanajua wa kumuuliza, na mfiwa hasumbuliwi. Karatasi nyingi za maofisini zinaishia safu ya pili.

Na ratiba ikivurugika, lugha yetu haikukosa la kusema. Mechi ya ligi ikiahirishwa, watu wa mpira wanaiita kiporo, kama wali uliolala sufuriani unaongoja kupashwa. Timu ina viporo viwili, wanasema, na hata mtoto anaelewa kwamba kuna kitu kimebaki na lazima kiliwe. Neno kama hilo halikutungwa na kamati yoyote.

Basi lugha yenye uwezo huo kwa nini isiandikwe kwenye karatasi ya mgonjwa? Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Jua likichomoza ni kama saa kumi na mbili, baada ya hapo ni saa moja, na mchana unaendelea hivyo. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili, na saa sita zinatosha kumkosesha mtu daktari, kikao cha benki, hata kesi yake mahakamani. Stendi za mabasi zililimaliza jambo hili zamani. Karani akishakukatia tiketi anakutazama usoni na kukuambia, “Kuripoti saa kumi na moja na nusu, alfajiri.” Hilo neno alfajiri ndilo linalokulinda. Nawaomba wanaochapa kadi za kliniki, barua za benki na hati za wito waandike hivyo hivyo: saa 3:00 asubuhi. Mashine ibaki na 09:00 zake ndani.

Mama mdogo hakufoka. Alikaa benchini, akavua viatu, akapumzisha miguu. Muuguzi mmoja aliyekuwa anafunga milango akamwona, akamwamkia shikamoo, akaiomba ile karatasi. Akaisoma, akanyamaza kidogo. Kisha akachukua kalamu, akakata zile tarakimu kwa mstari, akaandika kwa mkono: Jumatano, saa tatu asubuhi, uje kwangu. Chini yake akaweka jina lake.

Mama mdogo aliisoma kwa sauti mara mbili, akaikunja, akaifunga pindoni.