MLANGONI MWA BAA: HAKI NA AMANI KATI YETU NA MABAUNSA

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani)



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona Tume imechagua kuzungumzia milango ya baa na kumbi za disko. Hatukuja kuwafundisha watu kunywa, wala hatukuja kuhubiri juu ya ulevi. Hayo yana siku yake. Tumekuja kwa sababu ya kijana mmoja wa parokia yetu aliyeletwa nyumbani alfajiri akiwa amevunjika mkono, na kwa sababu ya kijana wa pili, naye wa parokia yetu, anayetuhumiwa kumvunja. Huyu wa pili ni baunsa. Mama zao husali katika Jumuiya moja.

Jioni ya siku ile vijana wa mtaani walikusanyika wakiwa na fimbo. Wazee walitufuata, wakatuomba tuseme neno. Tulikaa nao hadi usiku wa manane, nao hawakwenda. Lakini tuligundua ya kuwa hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kueleza vizuri baunsa ana mamlaka gani na mteja ana haki gani. Ndiyo sababu ya mada hii.

1. BAUNSA NI NANI?

Ni mfanyakazi. Kazi yake ni kukagua wanaoingia, kuzuia silaha, kuwarudisha watoto, na kutenganisha wanaogombana. Mara nyingi hulipwa kwa usiku, bila mkataba wa maandishi. Kukitokea fujo analaumiwa na mwenye baa. Akiizuia kwa nguvu analaumiwa na mteja. Kila usiku husimama mbele ya watu waliolewa, asijue nani ameficha kisu. Mtu aishiye katika hofu ya namna hiyo huzoea kupiga kabla hajauliza. Hatusemi hivyo ili kumtetea. Twasema ili tumfahamu. Tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi si chombo. Mwenye baa anayemwajiri kijana kwa ajili ya misuli yake tu, asimpe mafunzo wala mkataba, anashiriki katika kila pigo linalotolewa mlangoni pake.

2. MAMLAKA YAKE YANAKOMEA WAPI?

Mwenye ukumbi aweza kuweka masharti ya kuingia, na aweza kumwambia mtu atoke. Baunsa hutekeleza hayo kwa niaba yake. Mtu akikataa kutoka, aweza kuondolewa kwa nguvu isiyozidi mahitaji. Hapo ndipo mpaka ulipo: kumtoa mtu si kumwadhibu. Aliyekwisha kufika nje na kuacha kupigana hana sababu ya kupigwa tena.

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, raia aweza kumkamata mhalifu katika hali fulani, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hivyo, chumba cha nyuma ya baa si mahakama, na deni la vinywaji si ruhusa ya kumpiga mtu au kumvua nguo.

Wenzetu wamejaribu kuweka utaratibu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2001, ilitaka mlinzi wa mlangoni awe na leseni na aivae mahali inapoonekana. Kenya nayo ilitunga mwaka 2016 sheria ya kusimamia ulinzi binafsi.

3. TUENENDE VIPI?

(a) Tumsalimu. Salamu humkumbusha mlinzi kwamba anayemkabili ni mtu, nayo hutukumbusha sisi vilevile.

(b) Tuwe na kitambulisho, na tukubali kukaguliwa. Asiyetaka kukaguliwa arudi nyumbani. Mwanamke adai kukaguliwa na mwanamke mwenzake.

(c) Tukikataliwa, tuondoke. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Kupisha si kukiri kosa. Ni kuchagua mahali pa kudai haki. Mlangoni, saa nane usiku, si mahali pake.

(d) Tusimguse, tusimtukane, wala tusimtishe kwa majina ya wakubwa tunaowajua.

(e) Tusitoe chochote ili tupitishwe. Binti anayeombwa kitu kingine badala ya kiingilio aondoke mara moja pamoja na wenzake, na habari hiyo ifikishwe kwa wahusika.

(f) Tulioondoka pamoja turudi pamoja. Aliyelewa asiachwe peke yake abishane na mlinzi.

(g) Kamwe tusipige kelele za "mwizi!" kwa sababu ya ugomvi, iwe dhidi ya baunsa au mteja. Neno hilo limekwisha kuua watu wasio na hatia.

4. TUKIDHULUMIWA

Kwanza tujiondoe katika hatari. Tukumbuke saa, mahali, sura na mavazi ya aliyepiga, pamoja na majina ya walioshuhudia. Twende kituo cha polisi, tupate namba ya RB, na aliyeumia apewe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza. Ndugu wafuatilie fomu. Kesho yake, tukiwa na akili timamu, tumwone meneja pamoja na mjumbe wa serikali ya mtaa. Tusipokee fedha za kunyamazisha kesi kabla ya kujua ukubwa wa jeraha.

5. HITIMISHO

Kesi ya vijana wetu wawili iko polisi, na tunaiacha huko. Mkono umeanza kupona. Mama zao bado hawajapeana amani siku ya Jumuiya. Kila mmoja huelekea upande wake. Hatuwezi kuwalazimisha. Lakini twaweza kuhakikisha kwamba mwingine hafikishwi hapo kwa kutojua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika Jumuiya yetu wapo wanaofanya kazi ya ubaunsa? Tumewahi kuwauliza habari za kazi yao?

2. Waamini wenye baa wanawapa walinzi wao mafunzo na mkataba?

3. Kijana wetu akipigwa usiku wa leo, nani kati yetu atamsindikiza polisi?