MALI BILA DAFTARI: KUUPANGA MWAKA MPYA WA BIASHARA YA KAMISHENI

(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni)

 

 Mara ya mwisho kusimama katika bwalo hili huku nikitazamwa na watu wengi kiasi hiki ilikuwa mwaka 1998, nikiwa kidato cha nne, nilipoitwa kueleza sukari ya jikoni imekwenda wapi. Leo nimeitwa kueleza fedha zinakwenda wapi. Naona swali ni lile lile.

Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuupanga mwaka mpya wa biashara ya kuuza kwa kamisheni kwa njia ya intaneti. Wadogo zangu, msiogope jina. Aliyefika Kariakoo anamjua winga. Winga hana duka wala bidhaa. Anajua mteja anatafuta nini, na anajua duka lenye kitu hicho. Akimfikisha mteja na biashara ikafanyika, mwenye duka humkatia chake. Biashara ninayoisema ni uwinga huo huo, ila badala ya kumshika mteja mkono, unaandika maelezo ya bidhaa na kuweka kiungo chenye alama yako. Mteja akikibonyeza akanunua, kompyuta ya mwenye duka inatambua kuwa wewe ndiye uliyemleta. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianzisha mpango wake wa namna hii mwaka 1996, kwa hiyo jambo lenyewe si geni duniani.

Mke wangu nami huifanya kazi hii usiku na siku za mapumziko, wala si kwa kompyuta ya serikali. Huandika kwa Kiswahili juu ya cherehani, taa za sola na vyombo vya jikoni. Sikuja kujisifu. Nimekuja kusimulia kosa langu, maana asiyefunzwa na la mwenzake hufunzwa na lake, na karo yake huwa kubwa zaidi.

Kazini mimi ni mtu wa mipango. Ifikapo Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza, naweza kukwambia kila fungu lina kiasi gani. Nyumbani sikuwa na hata daftari la kurasa 40. Mwaka wetu wa pili, Desemba ikawa njema mno. Tuliona kwenye kompyuta kamisheni ya shilingi 640,000. Nikamwambia mke wangu kwamba ada ya Januari imekwisha kupatikana, tukautumia mshahara kwa sikukuu. Januari ilipofika hatukuona hata senti. Duka lile lilikuwa likilipa siku 60 baada ya mwezi kwisha, tena bidhaa nyingine zilikuwa zimerudishwa na kamisheni yake ikafutwa. Fedha zilipoingia mwezi Machi zilikuwa shilingi 410,000. Mwanangu wa kwanza alikuwa amekaa nyumbani wiki tatu. Kila asubuhi nilipotoka kwenda ofisini kupanga mipango ya watu wengine, nilimpita uwanjani akifagia. Hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo hatuanzi mwaka bila kukaa mezani. Mambo tunayoyapanga ni matano.

Kwanza ni kalenda. Wengi huhesabu kuanzia siku ya kuuza. Hesabu uanzie siku ya kuhitaji fedha, urudi nyuma. Ikiwa duka linalipa siku 60 baada ya mwezi kwisha, basi fedha ya Januari ni mauzo ya Oktoba, na makala yatakayoleta mauzo hayo yaandikwe Agosti. Anayeamka Desemba kutafuta ada ya Januari amechelewa miezi minne. Kadhalika yaandikeni majira yote ya mwaka: shule kufunguliwa, masika ya Machi hadi Mei ambapo watu hutafuta taa na mabuti, Nane Nane ya Agosti kwa vifaa vya kilimo, na mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka husogea nyuma kwa siku kama 11, hivyo kalenda ya mwaka jana haifai kunakiliwa.

Pili ni hesabu. Tuseme watu 1,000 wamesoma maelezo yako, 50 wakabonyeza kiungo, wawili wakanunua kitu cha shilingi 60,000 kila mmoja. Kwa kamisheni ya asilimia 5 unapata shilingi 6,000. Ukitaka shilingi 300,000 kwa mwezi, unahitaji wasomaji 50,000. Kijana akiona hivyo hukimbilia kutafuta wasomaji kwa kelele. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba, kama katika kila 1,000 wangenunua wanne badala ya wawili, wasomaji 25,000 wangetosha. Wale wawili wa nyongeza hawaletwi na kelele. Huletwa na maelezo ya kweli. Na katika daftari wekeni safu tatu: kilichoagizwa, kilichothibitishwa, na kilicholipwa. Hesabu ya matumizi ya nyumbani ianzie safu ya tatu. Mimi nilikula safu ya kwanza.

Tatu, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Winga hamiliki duka, na mwenye duka anaweza kubadili bei ya jasho lako kwa barua moja. Mwezi Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Hapa kwetu, Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, na viungo vya kwenda huko vikabaki kama njia ya kwenda kijiji kilichohama. Kwa hiyo mwaka unapoanza, pigeni hesabu ya kila duka mnalolifanyia kazi. Likizidi nusu ya mapato yenu, kazi ya kwanza ya mwaka ni kutafuta la pili na la tatu. Tena someni masharti: kamisheni ni kiasi gani, inalipwa lini, kiwango cha chini cha kulipwa ni kipi, na kiungo hukumbukwa kwa muda gani. Huko Amazon kwa kawaida ni saa 24 tu.

Nne ni uaminifu, na hapa naomba radhi hadharani. Mwaka mmoja tuliisifu taa ya sola ambayo hatukupata kuishika mikononi, kwa sababu kamisheni yake ilikuwa nono. Mmoja wa walimu walionifundisha hapa aliinunua kwa kuwa aliona jina langu. Iliwaka wiki tatu. Tulipokutana msibani aliitoa mfukoni, akaniwekea kiganjani, akasema, “Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika hivi?” Nikasema, “Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe.” Nilimrudishia fedha yake, lakini swali lake halikurudishika. Siku hizi hatuandiki juu ya kitu ambacho hatujakitumia au kumwona jirani akikitumia. Na juu ya kila makala tunaandika wazi kwamba ukinunua kupitia kwetu, tutapata kamisheni. Huko Marekani kueleza hivyo ni sharti. Hapa, hata kama hakuna anayekuuliza, mteja ana haki ya kujua nani anamlipa winga. Katika mpango wa mwaka tengeni siku mbili za kuyapitia makala ya zamani, na lililokuwa kweli mwaka juzi na si kweli leo lifutwe.

Tano ni sheria. Chukueni namba ya mlipa kodi, tengeni sehemu ya kodi kila fedha inapoingia, na ulizeni mapema katika ofisi zinazohusika. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka mwaka 2018, zikaja nyingine mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022. Hivyo kujua ya zamani si kujua. Nanyi wadogo zangu, jihadharini na wanaotumia jina la biashara hii kufanya upatu. Wengi hapa tunawakumbuka waliolia mwaka 2009 DECI ilipozimwa. Kipimo ni chepesi: ukitakiwa kulipa kiingilio, na faida ikatokana na kuingiza watu wengine badala ya bidhaa kununuliwa, ondoka. Winga wa kweli halipi ili aruhusiwe kuleta wateja.

Ndugu zangu, sikusema kwamba biashara hii itamtajirisha mtu. Mwaka jana ilitulipia sare, madaftari na ada ya mtoto mmoja kati ya watatu, na ilifanya hivyo kwa wakati. Kwangu hilo latosha kwa sasa. Haba na haba hujaza kibaba, ila mwenye kibaba ajue kimefika wapi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumelinunua daftari, lenye kurasa 200. Anayeliandika ni yule mwanangu aliyefagia uwanja, sasa yuko kidato cha tatu, na mwezi uliopita alinikatalia kuchukua fedha ya mafuta ya gari akisema, “Baba, hiyo bado iko safu ya pili.” Nilipanda daladala.